Pointi Tano kwa Mchezo: Kazi ya Bismack Biyombo

Leo mpira wa miguu tuupumzishe kidogo, tuingie uwanja wa kikapu. Nataka tumzungumzie mtu aliyecheza zaidi ya misimu kumi katika NBA ya Marekani, ligi ambayo kila mcheza kikapu duniani anaiota, huku wastani wake wa kufunga ukiwa pointi 5 hivi kwa mchezo. Anaitwa Bismack Biyombo. Ni mzaliwa wa Lubumbashi, Katanga, katika Kongo, mji ambao ukipita sokoni au kando ya uwanja unasikia Kiswahili.

Pointi 5, msikilizaji. Kwenye ligi zetu za mkoa, mchezaji akimaliza na pointi 5 mashabiki wanaguna, na wapo watakaomwambia kocha amkalishe benchi. Sasa huyu amewezaje kucheza zaidi ya michezo 800 katika ligi ambayo kila mwaka inaingiza vijana wapya wenye njaa ya kazi? Nani alikuwa anamlipa, na alikuwa anamlipia nini?

Jibu lake ndilo ninalotaka lisikike jioni hii kwa kila kijana mrefu anayeambiwa mtaani kwake, "Wewe na urefu huo, kacheze kikapu utajirike." Namtaka mzazi wake alisikie, na kocha wake pia. Mchezaji wa kulipwa hadumu kwa kung'aa. Anadumu kwa kuijua kazi yake moja na kuifanya kila siku ya mchezo, hata siku ambayo hakuna anayemwimba. Safari ya Biyombo inalionyesha jambo hilo waziwazi.

Alizaliwa mwaka 1992. Hakukulia katika shule ya kikapu yenye sakafu ya mbao na makocha wanne. Alipokuwa na miaka 16 hivi alicheza mashindano ya vijana nchini Yemen, na huko akaonwa na kocha Mreno, Mario Palma, mtu aliyewahi kuifundisha Angola na kutwaa nayo ubingwa wa Afrika. Palma akamfungulia njia ya kwenda Hispania. Akaingia Fuenlabrada, klabu ya pembezoni mwa Madrid, akianzia ngazi ya chini kabla ya kupandishwa timu kubwa mwanzoni mwa 2011. Nakuomba uliweke akilini hilo, tutalirudia: kabla hajakanyaga Marekani, alikuwa ameshachezea timu ya wanaume wanaolisha familia zao kwa mchezo huo.

Aprili ya mwaka huohuo wa 2011 aliitwa Portland, Marekani, kwenye mchezo wa vijana bora wa dunia dhidi ya vijana bora wa Marekani. Waliokuwa wanamjua ni wachache. Alimaliza na pointi 12, ribaundi 11 na mipira 10 aliyoizuia isiingie. Katika historia ya mchezo ule hakuna aliyekuwa amefikisha kumi na zaidi katika hesabu tatu kwa mkupuo. Miezi miwili baadaye, usiku wa drafti, pale timu za NBA zinapochagua vijana kwa zamu, akachaguliwa wa 7. Sacramento ndio waliomtaja, lakini usiku uleule haki zake zikahamia Charlotte.

Huko Charlotte alikuta nini? Alikuta timu ambayo, katika msimu wa kwanza wa Biyombo, ilishinda michezo 7 na kupoteza 59. Kwa asilimia ya ushindi, hakuna msimu mbaya kuliko huo katika historia ya NBA. Mmiliki alikuwa Michael Jordan mwenyewe, na hata jina hilo halikusaidia kitu. Kijana wa miaka 19, ugenini, anayeifahamu ligi kwa kuiona kwenye televisheni, anapoteza karibu kila usiku. Wengi wangevunjika moyo. Wengine wangeanza kulazimisha kufunga, ili majina yao yasomwe hata timu ikifungwa. Biyombo akaendelea kuzuia, na akaendelea kuchukua ribaundi.

Kwa msikilizaji ambaye si mwenyeji wa kikapu, ribaundi ni kuudaka mpira uliotupwa kapuni ukakosa. Ukiusikia hivyo unaweza kudhani ni kazi ya mtu mrefu kusimama chini ya ringi na kungoja. Hebu tuitazame kwa karibu.

Mpira unapotoka mkononi mwa mtupaji, ukumbi mzima unainua macho kuufuata. Mchukuaji ribaundi anayeijua kazi yake hayainui. Kwanza anamtafuta mtu, yule adui aliye karibu naye. Anamgeuzia mgongo, anapinda magoti, anatanua miguu, anamkalia kwenye mapaja ili njia ya kwenda kwenye ringi ifungike. Yule naye ana kilo mia moja na zaidi, na anasukuma. Hapo ndipo anapoinua macho. Anajua kwamba mtupo wa kutoka kona ukikosa mara nyingi huangukia upande wa pili, na kwamba mtupo wa mbali hudunda mbali. Anaruka, anaudaka kwa mikono miwili, anautia chini ya kidevu, viwiko nje, kabla mikono mingine haijafika. Akitua, anamtafuta mwenzake wa kuukimbiza mpira mbele. Halafu anakimbia urefu wa uwanja, mita 28, kwenda kumwekea mfungaji kizuizi ili apate nafasi ya kutupa. Mfungaji akifunga, ukumbi unalitaja jina la mfungaji. Yeye anageuka na kurudi kuzuia.

Ni kama kazi ya utingo wa lori. Lori likikwama mlimani, ni yeye anayeruka chini kuweka gogo nyuma ya tairi lisirudi bondeni, lakini likifika salama watu wanamsifu dereva.

Na kwa kazi hiyo Biyombo hakuwa hata mrefu wa kutisha. Ana mita 2 na sentimeta 3 hivi, na wengi wanaocheza nafasi yake ya senta humpita kimo. Mungu alimpa mikono mirefu, ambayo akiinyoosha kutoka ncha hadi ncha inazidi mita 2.3. Yaliyobaki aliyatafuta mwenyewe kwa magoti na kwa mgongo.

Baada ya misimu minne Charlotte wakamwacha aende. Mwaka 2015 akaenda Toronto, Kanada, kuwa senta wa akiba nyuma ya Jonas Valanciunas wa Lithuania. Mshahara wake kwa viwango vya ligi ile ulikuwa mdogo. Basi mwaka uliofuata, kwenye michezo ya mtoano, Valanciunas akaumia. Toronto wakafika fainali ya kanda ya mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron James, timu ambayo ilikuwa haijapoteza hata mchezo mmoja wa mtoano mwaka ule. Mchezo wa kwanza Toronto walichapwa 115 kwa 84. Wa pili, 108 kwa 89. Kila mtu akasema basi, yamekwisha.

Mchezo wa tatu ulipigwa Toronto, tarehe 21 Mei 2016. Biyombo alifunga pointi 7 tu. Lakini alichukua ribaundi 26. Ishirini na sita, msikilizaji! Toronto hawakuwa wamewahi kuwa na mchezaji aliyefikisha idadi hiyo katika mchezo wa mtoano. Kila Cleveland walipokosa, waliotaka nafasi ya pili walimkuta yeye keshafika. DeMar DeRozan alifunga pointi 32, na alistahili kila sifa aliyopewa. Toronto wakashinda 99 kwa 84, wakashinda na mchezo wa nne, na ingawa mwishowe Cleveland walipita na kwenda kuwa mabingwa, wiki ile dunia ya kikapu ilijifunza kulitamka jina la kijana wa Lubumbashi.

Kiangazi hichohicho akawa huru kusaini na timu nyingine. Na hapa, wazazi na vijana, tusikilizane vizuri, kwa sababu mambo ya fedha mara nyingi tunayasimulia nusu. Mwaka 2016 NBA ilianza kula matunda ya mkataba mpya wa televisheni, na kiwango ambacho kila timu inaruhusiwa kutumia kwa mishahara kikaruka kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94. Karibu kila timu ikajikuta ina fedha za kusajili. Orlando wakampa Biyombo mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 72. Bahati ilikuwepo, hatuwezi kuikataa. Ila bahati ilimkuta akiwa na misimu mitano ya kazi ileile mgongoni mwake, na siku soko lilipopanda alikuwa na kitu cha kuuza. Wahenga walisema achanikaye kwenye mpini hafi njaa.

Baada ya Orlando akarudi Charlotte. Kisha wakaja Phoenix, Memphis, Oklahoma City na San Antonio. Katika baadhi ya timu hizo alianza mchezo, katika nyingine alipewa dakika kumi tu, na Phoenix alipoingia Januari 2022 alianza na mkataba wa siku kumi. Siku kumi, mtu aliyewahi kusaini miaka minne ya milioni 72! Akaukubali, akafanya kazi yake, wakambakisha. Makocha wanaokimbizana na ubingwa hawafanyi sadaka. Walimhitaji mtu ambaye hata akiitwa ghafla robo ya tatu, wanajua atafanya nini.

Sasa, msikilizaji wa Tanzania, najua jina lililo mdomoni mwako. Unaniuliza, na Hasheem Thabeet je?

Naam, na Hasheem. Tumtaje kwa heshima, maana hatujamtendea haki. Hasheem Thabeet ni kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15, akapita shule ya Makongo, akaenda Marekani kumalizia sekondari Houston, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Huko alikuwa mzuiaji bora wa ligi yao miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, na mwaka ule wa pili chuo chake kikaingia timu nne bora za Marekani nzima. Drafti ya 2009 akachaguliwa wa 2. Stephen Curry, ambaye leo watoto wanamwiga kila uwanja, alichaguliwa wa 7 usiku uleule.

Memphis waliomchukua Hasheem walikuwa tayari na senta kijana, Marc Gasol wa Hispania, ambaye baadaye alitangazwa mzuiaji bora wa NBA nzima. Kwa hiyo Hasheem akapata dakika chache, na kabla msimu wa kwanza haujaisha akapelekwa ligi ya chini kwa muda. Hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa huko. Akahamia Houston, Portland, kisha Oklahoma City. Alicheza michezo 224 ya NBA. Baada ya hapo akacheza kwa mshahara Japani na Taiwan.

Vijiweni kwetu simulizi yake hufupishwa kwa neno moja: alishindwa. Mimi nasema hapana, na sisemi hivyo kwa sababu ni mtu wa nyumbani. Tazama tu mpangilio wa mambo. Curry ni mtoto wa Dell Curry, aliyecheza misimu 16 NBA. Alikua akizunguka kwenye kumbi ambazo wengine hulipa kuingia. Hasheem, siku anachaguliwa, alikuwa na miaka saba hivi tu tangu aanze kujifunza mchezo wenyewe. Namba 2 haikumpa subira, ilimpa deni. Mtu aliyechaguliwa wa 2 anaulizwa pointi tangu wiki ya kwanza, ingawa kule Connecticut kilichomjengea jina kilikuwa kuzuia. Biyombo naye alichelewa, lakini alikwishapitia timu ya watu wazima Hispania, na aliangukia timu iliyokuwa inapoteza kila siku, ambayo haikuwa na haraka naye. Ile misimu ya kuonewa na kila mtu ndiyo iliyompa muda wa kuiva.

Kwa hiyo anayepima urefu anaona kitu kimoja, na anayepima kazi anaona kingine. Hasheem ana mita 2 na sentimeta 21. Anamzidi Biyombo karibu sentimeta 18. Urefu ulimfikisha mlangoni mapema kuliko mwenzake, lakini kukaa ndani kunategemea miaka ya mafunzo, mtu wa kukufundisha kila siku, na nafasi ya kukosea bila kutupwa. Hivyo vitatu Hasheem hakuvipata kwa wakati wake. Na sehemu ya kwanza ya upungufu huo ilitokea hapa kwetu, katika ile miaka 15 ambayo hakuna aliyemwekea mpira wa kikapu mkononi. Tukitaka kulaumu, tuanzie hapo.

Wapo wengine wanaotoka upande huu wa lugha yetu. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alichaguliwa wa 7 mwaka 2021 na mwaka uliofuata akavaa pete ya ubingwa na Golden State. Oscar Tshiebwe, naye wa Lubumbashi, mwaka 2022 alitajwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani, na alitajwa hasa kwa sababu ya ribaundi, kwa kuwa alikuwa akichukua zaidi ya 15 kwa mchezo. Drafti ya 2023 ikapita bila jina lake kuitwa, na bado akapata mkataba kwa kazi ileile ya chini ya ringi. Njia ipo, na waliopita wameiacha wazi.

Na matunda ya kazi hii yanaonekana hata nje ya uwanja. Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa aliyetutoka Septemba 2024, alizuia mitupo 3,289 katika NBA, na ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria pekee aliyemzidi. Kwa fedha zake mwenyewe na alizochangisha akajenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake, ikafunguliwa mwaka 2007. Biyombo akafuata nyayo hizo. Baba yake alifariki mwaka 2021, na mwana akakaa kando ya mchezo kwa muda. Aliporudi na kuingia Phoenix, alitangaza kwamba mshahara wake wote wa msimu ule, dola milioni 1.3 hivi, unakwenda kujenga hospitali Kongo kwa kumbukumbu ya baba. Ile hesabu ya ribaundi tunayoipuuza inageuka vitanda vya wagonjwa.

Sasa tufanye nini, sisi tuliokaa hapa?

Kijana wangu, kama una urefu, shukuru, halafu usahau. Chagua kazi moja uwanjani ambayo kocha hawezi kuipata kwa mwingine kirahisi. Iwe kuzuia, iwe ribaundi, iwe kumkimbiza mfungaji wao mpaka achoke. Ifanye mazoezini kama unavyoifanya siku ya fainali. Shule usiiache, kwa sababu milango mingi ya kikapu nje hupitia darasani. Hasheem na Mutombo wote wawili walipitia chuo kikuu. Na karatasi yoyote ya mkataba isisainiwe kabla mtu mzima anayeaminika hajaisoma mstari kwa mstari.

Mzazi, usingoje mtoto afike mita mbili ndipo umruhusu uwanjani. Mpeleke akiwa na miaka minane, awe mrefu awe mfupi. Siku hizi huhitaji kuangalia Marekani tu. Tangu 2021, Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilipoanza kule Kigali, mchezo wa kulipwa umetusogelea. Kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaweza kuiona kazi hii kwa safari ya basi.

Na ninyi makocha na waandaaji wa mashindano, kuanzia michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, hadi ligi za mikoa, nina ombi ambalo halihitaji mfadhili. Mezani pale mnapoandika pointi, wekeni mtu mmoja na daftari la pili. Aandike ribaundi. Aandike mipira iliyozuiwa. Mwisho wa mashindano, mfungaji bora apewe kikombe chake, na mchukuaji ribaundi bora apewe kikombe cha ukubwa uleule, mbele ya watu walewale. Watoto hufanya kile wanachoona kinaheshimiwa. Tukiheshimu pointi peke yake, tutaendelea kulea vijana kumi wanaogombea mpira mmoja kila mmoja autupe yeye, na siku timu ya nje ikija kutafuta mtu wa kazi, haitamwona.

Msimu unaanza, daftari ni la bei ya soda. Anzeni na mchezo wa kwanza.